Vibuyu vya Lituhi na Kalamu ya Gado

Lituhi imekaa pale ambapo mto Ruhuhu unajimwaga katika Ziwa Nyasa. Ng'ambo ya mto ni Manda, nchi ya Ludewa. Upande huu ni wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga katika miaka ya 2010. Usipa huanikwa mchangani hadi ufuko mzima ukang'aa kama bati jipya, na mbasa hupanda mto kwenda kutaga mayai. Mgeni atokaye visiwani hushangaa kuona bahari isiyo na chumvi, na baada ya siku mbili huacha kushangaa, kwa maana mawimbi ni yale yale, na ubishi wa wavuvi ni ule ule.

Nilichokifuata huko ni mganda. Wanaume wamejipanga safu mbili, kaptura nyeupe zimenyooshwa kwa pasi ya mkaa, soksi zimevutwa hadi chini ya magoti. Mbele yao amesimama kepteni. Ngoma kubwa inagonga mwendo wa gwaride, na juu yake vinalia vibuyu vyenye utando mwembamba, ambavyo sauti ya mpulizaji ikipita ndani yake hutoka ikikwaruza mithili ya tarumbeta. Hatua zao ni ndogo na za taratibu, mabega yamenyanyuliwa, videvu viko juu. Kepteni alipotupitia akikagua watazamaji kana kwamba sisi ndio askari wake, nilicheka. Niliona dhahiri kuwa nimeoneshwa afisa wa Kiingereza wa mwaka 1920, tumbo lake, kiburi chake na mwendo wake wa bata. Kisha nikatazama kushoto na kulia, nikabaini kuwa aliyecheka ni mimi peke yangu. Wazee waliokaa kwenye benchi walikuwa wakitazama kwa heshima, kama watu wanaotazama jambo zuri likifanywa vizuri.

Swali lililonipata pale ndilo lililonirudisha kwenye kazi za mtu ambaye hajapata kuhusishwa na mganda, naye ni Godfrey Mwampembwa, mchora vibonzo ajulikanaye kwa jina la Gado. Nalo ni hili: mtu anapomwigiza mwenye nguvu, kwa mwili wake au kwa wino, je, anamshusha au anampamba?

Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa asili ya ngoma ile. Mganda ni mjukuu wa beni, na beni ni mtoto wetu. Ilizaliwa Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, ikagawanyika Marini na Arinoti, ikajipa makingi, magavana na madaktari wake, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichukua mgongoni mwa askari na wapagazi na kuitawanya hadi kwenye fuko za Nyasa. Terence Ranger aliifuatilia njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, na jambo analolisisitiza ni kwamba wanabeni hawakuwa vikaragosi wa mzungu, wala hawakuwa wakimfanyia dhihaka tupu. Walikuwa wakishindana wao kwa wao, mtaa na mtaa, kwa silaha walizozikuta. Sare ya afisa ilikuwa silaha mojawapo.

(Ufuko huu, kwa hakika, una historia yake ya vichekesho isiyohitaji mchoraji. Mwezi wa Agosti 1914, kusini ya Lituhi, hapo Liuli ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali linalofanana na kichwa cha sanamu la Misri, meli ya Kiingereza Gwendolen iliipiga mzinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha Mjerumani, ambaye habari za vita hazijamfikia, aliingia katika mashua kumwendea Mwingereza, mnywaji mwenzake wa siku zote, amwulize kama amelewa. Akatekwa. Atakayekichora kisa hiki hatahitaji kutia chuku.)

Huko Japani, kijana mwenye mkono mwepesi ana njia iliyokwisha kukatwa na waliomtangulia. Hupamba zile riwaya fupi za vijana zinazosomwa ndani ya treni, picha ya jalada na picha chache za ndani. Akifaulu, wahusika wake huchukuliwa na studio na kutembezwa katika filamu za katuni. Ukurasa na kioo ni vyumba viwili vya nyumba moja. Kwetu nyumba hiyo haikujengwa. Mchoraji wa Dar es Salaam wa miaka ya 1980 hakuwa na studio, na riwaya zilizouzwa vibandani zilimpa jalada moja na ujira mdogo. Alichokuwa nacho ni gazeti na jarida la vichekesho.

Na vyote viwili vilikuwa na uzito wake. Katika gazeti la Uhuru, Christian Gregory alikwisha kumweka Chakubanga, mshamba aliyeingia mjini akaufunua mji kwa ushamba wake. Katika jarida la Sani wakazaliwa Lodi Lofa na Ndumilakuwili, ambao watu waliwazungumza kana kwamba wamepanga nao nyumba moja, na mmoja wa waliowachora alikuwa Philip Ndunguru, mwenye jina ambalo sikio la mtu wa Mbinga hulitambua mara moja kuwa la nyumbani. Ndunguru alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, alikuwa na umri wa miaka 17 wakati huo na tayari alikuwa akipeleka vibonzo magazetini. Sisemi kuwa mmoja alimrithi mwingine. Nasema kuwa mji ule ulikuwa umezoea kusoma picha, na kwamba kijana aliyechora humo alikuta wasomaji wanaomngoja.

Aliingia Chuo cha Ardhi kusomea usanifu wa majengo, akakaa mwaka mmoja tu, na mwaka 1992 akavuka mpaka kwenda Nairobi kuajiriwa na kampuni ya magazeti ya Nation. Tarehe hiyo si ya bahati. Mwezi Desemba 1991 Kenya ilikuwa imefuta kile kifungu cha 2A cha katiba kilichoruhusu chama kimoja tu. Mlango ulikuwa umefunguliwa nusu, na mtu aliyeingia kwa mlango huo akiwa na kalamu alikuwa mgeni kutoka nchi jirani, asiye na kabila la kumsingizia wala jimbo la kumtetea.

Lakini kitabu cha kwanza kinachostahili kutazamwa na wapenzi wa fasihi hakina rais ndani yake. Mwaka 1996 nyumba changa ya uchapishaji ya Nairobi, Sasa Sema, ilianza kutoa hadithi za picha kwa Kiswahili. Mchoraji Samuel Mulokwa aliwapa wasomaji mkasa wa Liyongo, na Gado akawapa Abunuwasi. Huyu ndiye Abunuwasi wetu sote, aliyeazima sufuria akairudisha na mtoto wake, kisha akaiazima tena akatangaza kuwa imefariki. Aliyeiuza nyumba na kubakiza msumari. Abu Nuwasi wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad katika karne ya nane, bingwa wa tungo za mvinyo, na jinsi jina lake lilivyosafiri na majahazi hadi kuwa mjanja wa vijiweni ni habari ambayo ingehitaji makala peke yake. Mshairi alipoteza diwani yake baharini, akabaki na ulimi.

Kwa nini mtu wa miaka 27, anayelipwa kuchora wanasiasa, amchague huyu? Wahakiki wengi wa vibonzo wamekipita kitabu hicho kama mchezo wa pembeni, kazi ya watoto. Mimi naona ndicho kitovu. Abunuwasi yu mbele ya Sultani kila siku. Hana jeshi, hana cheo, na kila mara yuko hatarini kukatwa kichwa, ila hakatwi, kwa sababu analolisema lina ganda na lina kiini. Sultani akilichukua ganda, atacheka. Akikichukua kiini, atalazimika kukiri mbele ya watu kwamba limemgusa. Hili ndilo fumbo kama tulijuavyo katika ushairi wetu. Mtunzi aliyetunga juu ya papai bovu hashitakiki, kwa sababu anayemshitaki ndiye atakayekuwa amejitangaza kuwa papai.

Na vibonzo vya Gado vya zama za Moi vimejengwa kwa ufundi huo huo, ingawa rais alikuwa amechorwa waziwazi, rungu lake mkononi. Tunaposema kibonzo ni chuku tunasema nusu tu. Mtu yeyote anaweza kuvuta pua ya rais ikawa ndefu. Chuku katika shairi huwa na kipimo: mtunzi hutia chumvi mahali pamoja ili mahali pengine patulie, la sivyo ubeti mzima unapiga kelele na hakuna kinachosikika. Tazama namna Gado anavyogawa mzigo. Uso wa mkubwa umevimba, mistari imejazana juu yake kama msitu, lakini fanicha, ukuta, magari, vumbi la barabarani vimechorwa kwa uaminifu wa mtu aliyewahi kusomea majengo. Uwongo umewekwa ndani ya chumba cha kweli. Na mara nyingi pembeni, chini kabisa, wamesimama watu wadogo wasio na cheo, wakiambizana neno moja au mawili. Jicho la msomaji huanza na mkubwa, likazunguka, likaja kutua kwa hao wadogo, na hapo ndipo mchoro unapofunga. Kwa mtu aliyelelewa na tarbia hili si geni. Mishororo mitatu inasukuma, wa nne unakaa.

Ndiyo maana michoro hiyo inasomeka hata sasa, wakati wengi wa mawaziri waliomo wamesahaulika. Magazeti yalifika fuko za Nyasa yamechelewa siku kadhaa, na hayo ya Nairobi hayakufika kabisa ila yamefungia kitu. Hata hivyo, kibonzo kizuri hakihitaji tarehe. Nimeonja jambo hilo mwenyewe, kama nitakavyoeleza.

Baada ya Moi kuondoka madarakani mwezi Desemba 2002, Gado alikuwa amekwisha kwenda Vancouver, Kanada, kusomea utengenezaji wa filamu za katuni. Katika mwaka 2007 akapewa Tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi. Miaka hiyo naipitia haraka kwa sababu matunda yake yalionekana baadaye, na yalionekana kwa sura ambayo sikuitarajia: badala ya michoro inayotembea, alileta vikaragosi vya mpira.

The XYZ Show ilianza mwaka 2009 katika televisheni ya Citizen. Mfano wake ulitoka Ulaya, Spitting Image ya Waingereza na Les Guignols ya Wafaransa, na Gado aliuleta Nairobi pamoja na Marie Lora-Mungai, Mfaransa waliyeanzisha naye kampuni ya Buni Media. Tukumbuke wakati wenyewe. Kenya ilikuwa imetoka katika damu ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 wameuawa na mamia ya maelfu wamehamishwa makwao, na waliogombana walikuwa sasa wamekaa pamoja katika serikali ya mseto. Kuwageuza watu hao vikaragosi, kuwapa vichwa vya mpira na sauti za kuigiza, na kuwatia sebuleni mwa kila mtu mara moja kwa juma, lilikuwa tendo la ushujaa. Watu walicheka mambo ambayo mwaka mmoja kabla yake walikuwa wakiyafia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na waliokisifu kipindi hicho bila ya kubakiza. Mchoro wa gazetini hukaa siku moja, ukafungia vitumbua. Kikaragosi hurudi. Kina mkono, kina mzaha wake anaoujua kila mtoto, kina namna yake ya kukohoa. Kikishaonekana majuma ishirini, huzoeleka, na kilichozoeleka hupendwa. Kibaki wa mpira, mzee mwenye usingizi na maneno ya kujikunja, alikuwa mtu wa kupendeza. Unamhurumia. Unataka kujua juma lijalo atapatwa na nini. Na hapo tashtiti inaanza kumfanyia kazi yule yule iliyotumwa kumwumbua.

Nilipokuwa nimesimama Lituhi mbele ya kepteni wa mganda nilielewa kuwa jambo hili lilikwisha kutokea zamani kwenye mwili wa binadamu. Inawezekana kabisa kwamba askari wa kwanza aliyerudi kutoka vitani akauigiza mwendo wa afisa wake aliuigiza kwa kisasi. Lakini mwanawe aliuiga kwa sababu baba aliucheza vizuri, na mjukuu kwa sababu ni ngoma ya nyumbani. Afisa amekufa, dola lake limekunjwa, na mwendo wake umebaki ukiwa mzuri kuliko alivyokuwa yeye mwenyewe. Nani amemshinda mwingine? Sina jibu jepesi. Wazee wale wa benchini hawakuwa wakimtukuza mwingereza. Walikuwa wamemla na kumsahau, wakabaki na soksi zake.

Kwa hiyo namrudia Gado wa ukurasani, ambaye nadhani aliiona hatari hiyo. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, rais mpya, Uhuru Kenyatta, aliyekuwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, alianza kuonekana katika vibonzo vyake akiwa na mnyororo mguuni na tufe la chuma mwishoni mwake. Naibu wake, William Ruto, naye vivyo hivyo. Popote walipokwenda, wakicheka, wakihutubia, tufe lilikuwepo. Halielezwi, halisemewi, limekaa tu kama kina cha mwisho kinavyorudi kila ubeti upende usipende. Hicho ni kitu ambacho kikaragosi hakikiwezi. Uso unaweza kupendwa, lakini hakuna apendaye tufe la chuma. Kesi ya rais iliondolewa mwezi Desemba 2014, na waliokuwa wakimtaka mchoraji aifungue ile pingu walikuwa na hoja ya kisheria. Hoja ya kishairi ilikuwa kwake: kesi iliondolewa kwa kukosa ushahidi, na mwenye kuchora hakuwa hakimu bali mwenye kumbukumbu.

Mwezi Januari 2015 ukaja mchoro wa nchi aliyozaliwa. Katika gazeti la The EastAfrican alimchora Rais Jakaya Kikwete amejilaza kama mtawala wa Kirumi wa kale, akihudumiwa na wanawake nusu uchi walioandikwa majina ya maovu ya serikali, ufisadi ukiwa mmoja wao. Mwezi huo huo gazeti likazuiwa kuuzwa Tanzania, kwa sababu iliyotajwa rasmi kuwa halikusajiliwa nchini, ingawa lilikuwa likiuzwa humo kwa miaka mingi. Gado akaenda likizo ndefu, na mwanzoni mwa 2016 mkataba wake na Nation, wa miaka zaidi ya ishirini, haukufanywa upya.

Wenzangu wengi wa pwani, watu wa heshima na wapenda mafumbo, waliniambia wakati huo kuwa yaliyompata aliyataka. Walisema aliacha njia ya Abunuwasi. Angefumba, wangesoma waelewao, na gazeti lingebaki vibandani. Kwa muda mrefu nilikubaliana nao. Fumbo ni hazina yetu, nikasema, na anayelitupa atalipa.

Aliyenirudisha nyuma ni Siti binti Saad. Tunampenda Siti kwa sauti na kwa Kiswahili chake, tukasahau kwamba alikuwa akitaja majina. Wimbo wa Kijiti, uliowafikia watu katika sahani za santuri, ulikuwa juu ya mauaji ya kweli ya mwanamke aliyekuja Unguja kutembea, na juu ya kesi ya kweli ambamo mwuaji alitoroka Bara na waliokuja kushuhudia ndio waliofungwa. Jina la mwuaji limo. Kisa kimo kama kilivyotokea. Muyaka wa Mombasa naye, katika zama za Seyyid Said, hakuwa akingoja mtu aulize anamlenga nani. Kutaja wazi ni urithi wetu sawasawa na kufumba, na anayetuambia kwamba Mswahili wa kweli hufumba tu ametuchagulia nusu ya baba zetu, ile iliyomfaa Sultani.

Kwa hiyo simlaumu Gado kwa kutaja. Namlaumu kwa jambo jingine, ambalo sikuliona likisemwa katika kelele zile. Mchoro ule wa Januari 2015 ni mdogo kuliko uwezo wake. Mtawala wa Kirumi na zabibu zake ni kitu cha kuazima kutoka maktaba ya wachoraji wa Ulaya, ambao wamekitumia hadi kimechakaa. Hakuna msomaji wa Kigoma wala wa Mkokotoni aliyewahi kulala chali akilishwa namna hiyo. Na maovu ya wanaume waliokaa ofisini yamepewa miili ya wanawake. Ufisadi, katika nchi hiyo, ulikuwa umevaa suti na kushika mkoba. Kwa nini tuuvue nguo na kuupa matiti? Aliyejua kumvika rais tufe la chuma, kitu kidogo, cha haki, kisichosahaulika, hakuwa na haja ya danguro. Gazeti lilizuiwa kwa ajili ya mchoro usio bora wake, na hilo ni huzuni ya aina yake, kwa maana kila atakayeandika historia ya uhuru wa kalamu Afrika Mashariki atalazimika kuuchapa huo, na ile mikubwa itabaki kabatini.

Katika mwaka huo 2016 Gado alipokea mjini Geneva tuzo ya kimataifa ya vibonzo vya magazeti, pamoja na Zunar wa Malaysia, ambaye kwake serikali ilikwenda mbali zaidi ya kuzuia gazeti. Baadaye michoro yake ikaanza kutoka katika The Standard. Kalamu haikuvunjika. Lakini mtu wa Lituhi, au wa Mbinga mjini, au wa Unguja, aliyetaka kumwona mwana wa Dar es Salaam akiichora nchi yake, alibaki akiitafuta picha hiyo katika mashine na simu, na si katika karatasi anayoweza kuikunja.

Nilikuwa nimebeba karatasi moja ya namna hiyo. Jioni, ngoma ilipokwisha, nilikaa na mzee mmoja aliyecheza mganda tangu ujana wake hadi magoti yalipomkatalia, na aliyewahi, kwa maneno yake, kuwa daktari wa kikundi, yaani mwenye koti jeupe. Nikamwonesha kibonzo cha rais wa Kenya na tufe lake. Sikumweleza ni nani. Alikitazama kwa muda mrefu, akakisogeza mbali na macho, akakisogeza karibu.

"Huyu ni mkubwa," akasema.

"Ndiyo, mzee. Umejuaje?"

"Tumbo. Na hao wadogo hapa chini hawamtazami usoni." Akaweka kidole juu ya tufe. "Hili anavuta mwenyewe?"

"Anavuta mwenyewe."

Akatikisa kichwa, si kwa kucheka. Kisha akarudi kwenye miguu ya yule mtu, akainama hadi pua ikakaribia karatasi, na nikaona kuwa anatafuta kitu.

"Mwanangu," akasema hatimaye akinirudishia, "mchoraji wako anajua. Lakini soksi amezisahau."